Bei chee ya Kariakoo ikifika Mwanjelwa, Mbeya, bado ni chee?

Kila wiki lazima nipate meseji ya namna hii, "dada naomba chimbo la viatu", "dada shikamoo, nina laki tatu naomba uniunganishe na chimbo la China", wengi ni wadogo zangu waliomaliza chuo hapa Mbeya, wengine wako Iringa, Makambako, hadi Tunduma. Kwa asiyejua, chimbo ni pale mzigo unapopatikana kwa bei ya chini kabisa, na mtandaoni siku hizi watu wanaliongelea kama ndo siri yote ya biashara, ukilipata umetoboa. Mimi nauza mtandaoni mwaka wa saba huu, nilianzia chumbani Mabatini na simu yenye kioo kilichopasuka, na ninachokiona kila siku ni kwamba watu wana machimbo tele kwenye simu zao na bado mitaji inaungua, mitaji ya mama zao waliouza viazi Uyole, na inaniuma kwa sababu na mimi niliunguza hivyo hivyo.

Shida iko hapa. Tunaita kitu chee kwa kuangalia bei ya kununulia, lakini hiyo bei ni mwanzo tu wa hesabu. Kitu kinakuwa chee pale kimemfikia mteja, kimelipiwa, na hela imerudi mkononi mapema ikiwa imeongezeka. Hapo katikati kuna vitu vingi sana vinakula hela na vingi havionekani, ngoja tuvifumue.

Tuanze na swali ambalo ukishindwa kulijibu usitoe hela yako: kwa nini hiki kitu ni chee? Maana hakuna mtu ana kitu cha elfu ishirini akuuzie elfu saba kwa kukupenda. Kila bei chee ina sababu yake nyuma. Inawezekana muuzaji kajumua nyingi kiwandani akapunguziwa. Inawezekana msimu umepita, au mtindo umeisha mzigo ukadoda na yeye anataka hela yake imrudie. Inawezekana vina kasoro ndogo, uzi umetoka, boksi limebonyea. Hizo sababu ni riziki yako kabisa ukijua kuzitumia. Ila inawezekana pia kitu ni kopi, au muda wake wa matumizi uko mbioni kuisha, au kimepita mpakani usiku bila ushuru, au kimeibiwa kwa mtu, au hakipo kabisa kuna picha tu na mtu anasubiri utume nusu. Hizo ni moto. Na ubaya wake bei inafanana, yaani elfu saba ya mzigo uliododa na elfu saba ya mzigo wa wizi zinafanana kama mapacha, kwa hiyo bei peke yake haikwambii kitu, unamuuliza muuzaji, unashika mzigo, unaangalia risiti.

Mfano wa msimu huku kwetu ni mzuri sana. Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai baridi inapiga mpaka meno, Makete na Njombe ndo usiseme. Watu wa Dar wakianza kuposti vigauni vya kamba mabegani mwezi wa sita na wewe unaposti hivyo hivyo kwa sababu umeona peji kubwa imefanya, mteja wako wa Mafinga atakipenda kwenye stetasi, ataweka kopa, na hanunui. Yeye anataka sweta, jaketi, blanketi zito, soksi za sufu, buti. Sasa hivyo vitu Kariakoo vinashuka bei baridi ikiisha huku juu, kuanzia mwezi wa tisa wa kumi mtu ana majaketi stoo hajui ayapeleke wapi. Hapo ni chee ya kweli, sababu yake unaijua. Lakini ukiyanunua mwezi wa kumi hela yako italala mpaka Mei, miezi saba, kwa hiyo ukiwa na laki tatu tu usiguse, ukiwa na milioni mbili unaweza kuitenga laki tatu ikalala huko kwenye majaketi na nyingine ikaendelea kuzunguka. Umeona, kitu kile kile, bei ile ile, kwa mmoja ni chee kwa mwingine ni kaburi la mtaji.

Na kuna chee iko chini ya miguu yetu hatuioni kabisa kwa sababu macho yote yapo China. Mchele wa Kyela na wa Usangu ukivunwa, kuanzia mwezi wa tano wa sita hivi, bei inashuka, na huko Dar kuna watu wako radhi kulipa zaidi ili mradi wawe na uhakika ni mchele wa Mbeya haujachanganywa. Maharage, viazi, parachichi za Njombe na Rungwe, asali. Dada mmoja ninayemfahamu anauza mchele kwa oda tu, anakusanya oda kumi kumi za Dar kwenye WhatsApp, anaenda mashineni Ubaruku kuuchagua mwenyewe, anapakia. Hana chimbo la siri, mashine kila mtu anazijua, ila yeye anajua kwa nini mchele ni chee mwezi ule na anajua nani anauhitaji.

Turudi kwenye moto kidogo maana hapa watu wanafungwa. Vipodozi, tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na vile vyenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku, sasa ukiona losheni ya kung'arisha inauzwa robo ya bei ujue kuna sababu na sababu yenyewe itaonekana kwenye ngozi ya mteja wako. Nguo za ndani za mtumba pia TBS hairuhusu, hata kama belo, yaani furushi lake, ni la gredi A hata kama zina lebo bado. Raba na mabegi yenye nembo za kampuni kubwa ambazo ni kopi, kumwambia mteja "hii ni kopi" hakukusaidii kisheria, FCC, tume ya ushindani, wakija wanachukua mzigo na wewe unajieleza. Simu nazo, "used ya Dubai" ziko nyingi na nzuri zipo, ila kabla hujalipa bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa meseji kwenda 15090, jibu litakuja na aina na modeli, likija tofauti na simu uliyoshika irudishe. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, walishazima simu feki tarehe 16 Juni 2016, sio hadithi. Halafu simu inayouzwa haraka haraka na mtu asiyetaka kukuandikia hata karatasi, achana nayo, kupokea mali ya wizi ni kosa hata kama ulilipa hela yako halali.

Na Tunduma. Najua vitenge vya upande wa Zambia vinavutia na kila mtu ana shemeji anavusha. Pita forodhani, lipa, chukua karatasi. Mzigo ukikamatwa barabarani hauna karatasi hasara yake inameza faida ya safari zako zote za nyuma.

Sasa nikuelezee belo langu. Mwaka wangu wa pili nilisikia watu wa mitumba wanatajirika, nikanunua belo la majaketi, la kilo 45, laki sita. Muuzaji alinambia ndani kuna kama pisi sitini, gredi A. Nikapiga hesabu ya haraka haraka kichwani, laki sita gawa kwa sitini ni elfu kumi kila moja, jaketi Mwanjelwa linauzwa elfu ishirini na tano, nikaona nimeshatoka. Nikafungua, pisi 62, muuzaji hakunidanganya idadi. Lakini mazuri ya kuposti yalikuwa 15. Yaliyokuwa ya kawaida, rangi imepauka kidogo au saizi za ajabu, 30. Yaliyobaki 17 zipu zimekufa, mikono imechanika, mengine ya watoto wachanga. Yale 15 niliuza kwa wiki mbili kwa elfu 25, laki tatu na elfu 75. Yale 30 nilikuja kuyamaliza mwezi wa kumi kwa elfu kumi kumi, laki tatu. Yale 17 niliyamwaga chini kwa elfu mbili mbili, elfu 34. Jumla 709,000. Toa laki sita, toa usafiri, toa bando la miezi mitano, toa fundi zipu. Nilibaki na mikono mitupu na nimepoteza msimu mzima.

Kosa langu lilikuwa kugawa bei kwa idadi. Belo halihesabiwi hivyo. Unahesabu kwa matabaka, unajiuliza mazuri yatakuwa mangapi na hayo mazuri peke yake yanaweza kurudisha hela ya belo? Kama hayarudishi, liache. Kwa mtu wa mtaji mdogo ni bora usubiri wenzako wafungue, belo likifunguliwa pale sokoni Sido au Kabwe asubuhi uwepo, uchague pisi kumi zako unazozitaka, utalipa juu kidogo kwa kila pisi, hata elfu 14 badala ya kumi, lakini zote kumi zinauzika wiki hii. Ile bei ya juu ndo chee.

Halafu hesabu ambayo karibu kila mtu anairuka, ya kufikisha mzigo mlangoni kwako. Tuchukue masweta, na hizi namba ni za mfano tu weka za kwako. Kariakoo sweta elfu 12 kwa jumla, hapa Mwanjelwa kwa mtu wa jumla sweta hilo hilo elfu 16. Kila mtu atasema twende Kariakoo. Sasa una hela ya pisi 20. Mzigo 240,000. Nauli kwenda na kurudi tuseme laki moja, kulala na kula elfu 40, kupakia mzigo kwenye basi elfu 15. Jumla 395,000, gawa kwa 20, kila sweta limekufikia kwa 19,750. Umelala njiani, umekaa foleni Kitonga roli limeziba barabara, umerudi na sweta la 19,750 wakati jirani yako Mwanjelwa alikuwa anakupa kwa elfu 16 na ukikuta lina tundu anakubadilishia jioni hiyo hiyo. Ila ukiwa na hela ya pisi 100 mambo yanageuka, mzigo milioni moja na laki mbili, safari ile ile laki moja na arobaini, kupakia elfu 75, jumla 1,415,000, kila sweta 14,150. Kwa namba hizi safari inaanza kulipa ukifika pisi 45 hivi, chini ya hapo unamtajirisha mwenye basi. Ndo maana mtu wa laki tatu akiniomba chimbo la Kariakoo namwambia chimbo lako liko Mwanjelwa mdogo wangu, hasira zinampanda anaona namficha.

Unaweza kusema basi sitasafiri, nitaagiza kwa winga. Sawa. Winga wa Kariakoo anazunguka madukani kwa niaba yako na anaweka cha juu chake, hiyo ni kazi halali na wapo waaminifu ambao nafanya nao miaka. Lakini elewa unanunua macho ya mtu mwingine. Anza na pisi tano. Mwambie akupigie video akiwa dukani ameshika mzigo wenyewe, akuoneshe ndani ya mshono, zipu ivutwe, lebo ya saizi isomeke, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iambatane na mzigo maana kisheria hata mnunuzi ana kosa asipodai risiti, na mzigo usio na risiti njiani ni mashaka matupu. Na usiwe na winga mmoja wala soko moja. Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, wale ambao maisha yao yote yalikuwa pale walikaa na oda za watu zimelipiwa hawana cha kutuma.

China sasa, maana najua ndo mlikuwa mnasubiri. Kwanza elewa hizi ni dunia tofauti, Alibaba imetengenezwa kwa watu wa nje, unaongea na muuzaji Kiingereza, na ukilipa ndani ya mfumo wao hela yako ina ulinzi kiasi, ukikubali kulipa nje ya mfumo kwa sababu muuzaji kakwambia atakupunguzia umeutupa ulinzi wote. 1688 ni ya Wachina wenyewe kwa wenyewe, bei iko chini zaidi lakini ni Kichina na muuzaji anatuma ndani ya China tu, lazima uwe na ajenti kule apokee akufungashie. Kwa hiyo ukiona mtu kaposti bei ya 1688 anasema "ona elfu tatu tu", hiyo ni bei ya sweta likiwa bado China.

Kisha usafiri, na hapa watu wa nyanda za juu tunaumia kuliko wengine kwa sababu vitu vyetu ni vya baridi na vitu vya baridi vinajaa nafasi. Kwa ndege hawapimi kilo za mizani tu. Wanapima boksi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita unagawa kwa 6,000, jibu ni kilo, halafu wanalinganisha na mizani wanachukua kubwa. Boksi la majaketi ya kuvimba la sentimita 60 kwa 40 kwa 50 ni 120,000, gawa kwa 6,000 unapata kilo 20. Kwenye mizani linaweza kuwa kilo 9 tu. Utalipia 20. Dada mmoja alilia na mimi kwenye simu anadhani ajenti kamwibia, hakuibiwa, hakuwa ameelezwa. Boksi lile lile kwa meli ni ujazo wa 0.12 ya mita moja ya ujazo, hiyo mnayosikia wanaita CBM, na hapo ndo jaketi linapata nafuu. Vitu vizito vidogo kama vifuniko vya simu, saa, hereni, ndege haina shida navyo. Majaketi na mablanketi pandisha meli.

Lakini meli inachukua kama mwezi mmoja hadi miezi miwili ukihesabu na kupakia na bandarini, na viwanda vya China vinafunga kwa mwaka wao mpya, ambao unaangukia mwishoni mwa Januari au Februari, wengine wanafunga wiki tatu. Hesabu kurudi nyuma mwenyewe. Unataka jaketi liwe Mbeya mwishoni mwa Mei kabla baridi haijakolea, kwa hiyo liwe kwenye meli Machi, kwa hiyo oda iwe imelipwa kabla hawajafunga au siku wanafungua. Mtu anayeniuliza chimbo la majaketi China mwezi wa tano amechelewa, hata nikimpa chimbo la bure.

Muulize ajenti swali moja la wazi, hii bei ya kilo au ya ujazo ina ushuru ndani au haina? Maana viwango vya forodha vya Afrika Mashariki viko vinne, 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na nguo zilizoshonwa tayari ziko huko juu, kisha VAT asilimia 18 inakaa juu ya thamani pamoja na ushuru. Wapo maajenti wanaokupa bei iliyojumlisha kila kitu na wapo wanaokupa ya meli tu, na usipouliza utajua Dar. Na saizi, omba sentimita za kifua na urefu, L ya kule kwa mama wa Kinyakyusa aliyeshiba vizuri ni ya mtoto wake wa sekondari.

Wale wanaouza orodha za machimbo elfu kumi elfu ishirini sitaki kuwasema vibaya wote, ila namba ya muuzaji wa China haina siri, ukiingia mwenyewe ukapiga picha bidhaa ukaitafuta kwa picha utawapata hamsini. Hiyo elfu ishirini nunua sampuli.

Kuuza sasa, na hapa nitaongea kuhusu mteja kabla ya picha. Wengi tukisema mtandaoni tunawaza mteja wa Dar. Dar ana wauzaji elfu wanaomfikishia kwa boda ndani ya saa moja, wewe wa Mbeya utamfikia kesho kutwa baada ya kilomita zaidi ya 800. Mteja wako yuko Chunya, yuko Rujewa, Kyela, Tukuyu, Vwawa, Mlowo, Ileje, yule ambaye kuja mjini ni nauli na siku nzima ya kazi imepotea. Kwa watu wa Iringa ni Kilolo, Mafinga, Ilula. Huyo anakuhitaji. Mwalimu wa kule ndani, nesi wa zahanati, kijana wa machimbo ya dhahabu Chunya, wote wana simu na hela ya mkononi. Ukimtumia kwa kosta ya asubuhi jioni amevaa. Na ujue hela yao inakuja lini, mkulima ananunua baada ya kuuza, Mbozi wakilipwa kahawa utaona oda za Vwawa zinavyopanda, wanafunzi wa chuo cha MUST hapa Mbeya na wale wa Mkwawa Iringa wakipata bumu, hela ya mkopo wa masomo, wananunua wiki ile ile, watumishi mwisho wa mwezi. Nikipata mzigo mpya tarehe 12 huwa natulia naposti kidogo kidogo, zile nzuri kabisa nazitoa kuanzia tarehe 24.

Picha piga nje asubuhi, ukutani, bila mapambo, na ioneshe kasoro kama ipo, doa lizungushie duara. Andika bei. Jamani andikeni bei, hii ya "njoo inboksi" inamchosha mtu, mteja wa kijijini ana bando la mia tano, akikuuliza bei ukajibu baada ya saa mbili bando limeisha na hamu imeisha. Andika saizi kwa sentimita, andika nauli ya kumfikishia kila wilaya, andika kama unabadilisha likimbana. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake na ni bure, peji ya Instagram inakutafutia watu wapya ila mauzo yangu mengi yanafungwa kwenye stetasi kwa watu walionisevu namba, kwa hiyo nahangaika watu wanisevu kuliko nahangaika na wafuasi.

Uaminifu ndo unachouza haswa, mteja anakutumia hela hakujui. Tumia Lipa Namba, jina la biashara likitokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri anatulia. Oda za kwanza kwa mtu mwenye hofu mwachie alipe nauli tu mbele, zilizobaki alipe mzigo ukifika kwa wakala wa basi, nimewahi kurudishiwa mizigo mitatu kwa mtindo huu na bado wateja niliowapata kwa njia hiyo ndo walioniletea wengine. Na wewe jilinde pia. Meseji ya malipo sio malipo, angalia salio, watu wanatengeneza meseji inayofanana kabisa na ya mtandao wa simu kisha wanakuharakisha "dada gari inaondoka". Skrinishoti nayo sio malipo. Akija mwingine anadai kakosea kutuma anaomba umrudishie kwa namba nyingine, mwambie apige kwa mtandao wake. Meseji za kitapeli zitume 15040. Ukiwa wewe ndo unanunua kwa peji usiyoijua, omba wapige video sasa hivi wakitaja jina lako, tapeli aliyeiba picha hawezi.

Mtu akiniuliza faida nzuri ni kiasi gani namuuliza inarudi baada ya siku ngapi. Laki tatu inayokupa asilimia 20 kwa mwezi ni elfu 60. Laki tatu hiyo hiyo inayokupa asilimia 10 tu lakini inaisha kila wiki ni elfu 30 mara nne, laki moja na ishirini. Kwa hiyo usishangae kuona mtu wa soksi za elfu mbili pale Mafiati anajenga na wa masuti bado anahangaika na kodi ya fremu. Nina daftari la mistari, tarehe niliyonunua, gharama ya kufika mlangoni, tarehe iliyouzwa. Basi. TIN nilichukua TRA bure kwa namba ya NIDA, leseni jiji, na lile daftari ndo limenisaidia wakati wa makadirio ya kodi kwa sababu nilikuwa na cha kuonesha, mwenzangu asiye na kumbukumbu anakadiriwa kwa macho.

Na kitu kikifika siku 45 kwenye daftari langu hakijauzwa sikionei huruma tena. Wiki ya kwanza nakipiga picha upya kimevaliwa na mtu, maana mara nyingine picha ndo ilikuwa mbaya. Wiki ya pili nakiunganisha na kinachotembea, sweta na soksi bei moja. Wiki ya tatu nampa kwa mali kauli mama mmoja wa mnadani Mbalizi, yeye ana wateja ambao mimi siwapati, akiuza ananipa elfu nane zangu, hata kama nilikinunua kwa kumi. Hiyo elfu nane Jumatatu asubuhi inakuwa iko Sido inachagua kingine.